Sahani ya Maua ya Mpapai

Siku miche ilipogawanywa, Nduku alifika wa mwisho, akiwa bado amevaa ile sweta nyeusi aliyomzikia mumewe. Akina mama wa mwethya, wale ambao hulimiana mashamba kwa zamu hapa Mbumbuni, walikuwa wameshakizunguka kitalu, nasari yao, kila mmoja na karai lake. Miche ya mipapai ilikuwa imepangwa ndani ya vikaratasi vyake vyeusi vya plastiki, chini ya kivuli cha nyasi kavu. Mingine ilikuwa imefika magotini. Mingine ilikuwa na majani mawili matatu tu na shingo nyembamba, imesimama pembeni kana kwamba inaomba radhi.

Mwenyekiti alikuwa Mbithe, na Mbithe hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa mke wa Nzomo, na Nzomo ndiye kaka mkubwa wa Muli, marehemu mume wa Nduku. Mashamba yao yalitenganishwa na ua wa minyaa tu. Wanawake hao wawili walisikiana wakikohoa, walijuana kwa harufu ya kilichoungua jikoni, na kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kupendana. Walikuwa wamezoeana, basi.

"Mama Mutindi," Mbithe akamwambia Nduku kwa sauti yake ya mikutano, "wewe hukuja kumwagilia. Hukuja kujaza mchanga. Miezi miwili hatukukuona hapa nasari. Ama nimedanganya?"

"Nilikuwa hospitali na Muli. Unajua."

"Tunajua, na tulikuja matanga tukalia na wewe. Lakini kazi ni kazi." Akasukuma karai moja kwa mguu. Kwa mguu, si kwa mkono. Ndani mlikuwa na ile miche iliyodumaa. "Wengine wamechagua, hii ndio imebaki. Chukua. Hii ni miti ya mjane. Itakaa tu hapo kama wewe, haikui, haizai, inangoja kukauka."

Mtu mmoja akacheka. Kathini, aliyekuwa rafiki wa Nduku tangu wote wawili walipoolewa huku, alisema, "Asi, chairlady!" Lakini alisema chinichini, na mikononi alikuwa ameshika miche yake mikubwa mikubwa. Mbithe mwenyewe alikuwa amejichagulia wa kwanza kabisa. Yake ilijaa mikokoteni miwili, mirefu, minene shingo, majani mapana ya kujidai.

Nduku angejibu angelia, na kumlilia Mbithe mbele ya watu kungekuwa kumpa zawadi. Alijitwika karai lake akaenda zake, na kabla hajavuka barabara alikuwa ameshaamua. Hakutaka kuombwa msamaha. Msamaha ungemharibia mambo. Alitaka siku moja Mbithe asimame mbele ya wanawake wale wale, aitazame miche hii hii, akose pa kuuweka uso wake. Siku hiyo ikija, mengine yote yangejipanga yenyewe.

Ilikuwa Oktoba, na mvua ilikuwa bado. Jua la Oktoba huku Makueni halina huruma na kitu kichanga. Nduku aliiweka miche yake nyuma ya jiko na kuikagua mmoja mmoja, kama mama anayemkagua mtoto aliyetoka shule amepigwa. Juu ya udongo wa kila kikaratasi palikuwa na ukoko mweupe. Akauonja kwa ncha ya kidole. Chumvi. Kikundi kilikuwa kimeinywesha maji ya kisima cha mashine, yale ambayo hata chai yake huwa na ladha ya machozi, na ile miche yenye nguvu ilivumilia, hii ikashindwa.

Basi akaanza. Alishuka mtoni, kwenye mto ambao kiangazi chote huwa ni mchanga mtupu, akafukua mpaka maji yakatoka, maji matamu yanayolala chini ya mchanga. Akapanda nayo mlima mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Akachana vile vikaratasi vyeusi na kukuta mizizi imejikunja chini, imezunguka na kuzunguka haina pa kwenda. Akaiachilia kwa vidole, taratibu. Akaihamishia kwenye pakiti kubwa za unga alizookota na kutoboa chini. Udongo aliouweka ulikuwa wa chini ya mgunga, ukachanganywa na mchanga wa mto na mbolea ya boma, ile kuukuu iliyokaa mpaka ikapoa, kwa sababu mbolea mbichi huunguza mizizi michanga. Akaijengea kivuli cha nyasi, na kila baada ya siku chache akapunguza nyasi kidogo ili miche ijifunze jua. Akazungushia majivu kuzuia mchwa na miiba kuzuia kuku.

Na kila asubuhi alipoinyunyizia, aliongea nayo. "Kua," aliiambia. "Kua tumwonyeshe."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maombi yake. Kanisani, ambako yeye na Mbithe waliimba kwaya moja na kusimama mstari mmoja, mhubiri aliongea juu ya kusamehe jirani. Nduku alisema amina pamoja na wote, akaongeza kimoyomoyo, baada ya mavuno. Alikuwa mtu mwaminifu kwa njia yake. Hakumficha Mungu kitu.

Mvua ilipokuja, aliipanda kwenye mashimo aliyoyachimba mwenyewe, mapana kama beseni la kufulia, ili kila tone lililopita lishikwe. Upande wa pili wa ua, mipapai ya Mbithe ilikuwa tayari inatingisha majani kwa upepo. Mbithe alichungulia juu ya minyaa.

"Mama Mutindi, hiyo ni paipai ama ni mchicha?"

"Ni mchicha, Mama Kyule," Nduku akajibu bila kuinua mgongo. "Karibu mboga."

Nduku alizaliwa Nuu, kule Kitui, mahali ambapo mtoto hufundishwa kuotesha kitu kwa maji ya kuoshea vyombo. Mbithe hakuwahi kuacha kumkumbusha kwamba alitoka kukavu. Sasa Nduku akawa anamshukuru. Alichojifunza Nuu kilikuwa kinamfaa, na chuki ilikuwa inamwamsha mapema kuliko jogoo. Miche ilishika. Kwanza shingo zilinenepa, halafu majani yakawa na vidole, na kufikia Machi ilikuwa imefika kiunoni, mifupi bado ukiilinganisha na ile ya jirani, lakini imekaa chini kwa makalio yote mawili.

Aprili, mipapai ya Mbithe ikatoa maua.

Ilikuwa ya kwanza Mbumbuni nzima, na kwa siku mbili tatu Mbithe alitembea sokoni kifua mbele. Halafu maua yakaanza kushuka. Yalishuka kwenye vikonyo virefu vyembamba, yakaning'inia mbali na shina, madogo, meupe, mengi, yanapendeza kweli. Hapa kwetu hata mtoto anayetambaa anajua mpapai unaoning'iniza maua hivyo. Ni dume. Ulikuwa mmoja, kisha mitano, kisha shamba zima, isipokuwa miwili tu pale mwisho.

Kathini ndiye aliyemletea Nduku habari, ingawa Nduku alikuwa ameshaziona na kuziona tena.

"Si tulichagua kwa macho!" Kathini alisema, akijipiga paja. "Kwa nasari dume ndio inakimbianga. Jike inajipanga pole pole. Mimi kule kwangu ng'ambo ya mto nusu ni madume. Lakini chairlady! Aliokota madume yote ya Mbumbuni akapeleka kwake!"

"Pole yake," Nduku akasema, uso mkavu.

Kathini alipoondoka, Nduku aliingia jikoni, akafunga mlango, akacheka mpaka ikabidi ashike nguzo. Alikuwa hajacheka tangu Muli alazwe hospitali. Furaha ile ilimshangaza mwenyewe kwa ukubwa wake. Ilimwingia kwenye mikono na miguu, na siku hiyo alilima mpaka giza bila kuchoka.

Mipapai yake ilifuata mwezi uliofuata, na maua yake yalikaa shinani, manene, mafupi, kila ua na kijipapai tumboni. Jike. Jike. Jike. Alipita mstari hadi mstari akishika kila mti, na hakupata hata dume moja. Kufikia Julai matunda yalikuwa yamebanana shingoni mwa miti hadi mengine yakakosa nafasi ya kunenepa.

Upande wa pili wa ua alisikia nyundo. Mtu alikuwa anapigilia misumari kwenye mashina ya yale madume, dawa ya zamani ambayo watu husema humtisha dume akageuka jike. Kesho yake akaona mti mmoja umekatwa kichwa, nayo ni dawa ya aina hiyo hiyo. "Piga, Mbithe," Nduku alinong'ona nyuma ya minyaa. "Piga mpaka azae misumari." Mara kwa mara alimwona pia Nzomo amesimama ukingoni mwa shamba na panga lililonolewa, akiitazama miti, halafu akirudi nalo nyumbani bila kukata kitu. Nduku aliweka hilo kwenye hesabu ya uvivu wa Nzomo, ambao haukuwa siri kwa mtu. Tena alifurahi. Hakutaka madume yale yakatwe. Yalimpamba. Kila mpita njia aliangalia kulia akaona maua matupu, akaangalia kushoto akaona matunda, na Nduku hakuhitaji kusema neno.

Lakini hakusahau kwamba alitaka kusema neno.

Oktoba ikarudi, na zamu ya mwethya ikafika kwake. Matunda ya kwanza yalikuwa yameiva. Barwaqo, mama wa hoteli ya juisi kule Emali, alikuwa ameshatuma mtu mara mbili kuyachukua, na akasema hajawahi kupata mapapai matamu hivyo kutoka upande huu. Nduku alimwambia asubiri. Yaliyoiva wiki hiyo yalikuwa na wenyewe.

Akina mama walikuja asubuhi na majembe yao, na Mbithe akaja nao. Asingekosa, kwa sababu sheria ya kutokosa ilikuwa yake mwenyewe. Nduku alimpa mstari wa kulima ulio chini kabisa ya miti, mahali ambapo mtu akiinua kichwa anagonga tunda. Mbithe alilima. Hakusema kitu kibaya. Aliinua kichwa mara moja, akayatazama matunda kwa muda mrefu, akasema tu, "Imekubali." Nduku aliona hiyo ni sauti ya mtu aliyeshindwa.

Walipomaliza wakakaa chini ya kivuli cha nyumba. Nduku alipakua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, akamimina chai, kisha akaleta mapapai, mekundu ndani, yamekatwa vipande na kukamuliwa ndimu. Kila mtu alipewa sahani. Ya Mbithe ilikuja ya mwisho, mikononi mwa Nduku mwenyewe, na ilikuwa sahani ya maua ya samawati, moja ya zile ambazo Muli alinunua wakioana. Ilikuwa imefunikwa na sahani nyingine.

"Mwenyekiti ni wa kuhudumiwa kwa heshima," Nduku akasema.

Uso wa Mbithe ulilainika. Ulilainika kweli, na wote waliuona. Alifuta mikono kwenye leso, akapokea sahani kwa mikono miwili.

"Mama Mutindi," akaanza, "mimi na wewe..."

Akafunua.

Ndani mlikuwa na maua. Maua madogo meupe kwenye vikonyo virefu, yaliyojaa sahani. Nduku alikuwa ameyachuma alfajiri kwa kupenyeza mkono kwenye minyaa, na utomvu wa ule mnyaa ulikuwa bado unamwasha mkononi.

"Hicho ni cha shamba lako, Mama Kyule," Nduku akasema, na alijisikia akisema polepole, kama mtu anayelamba kijiko. "Nisikunyime chakula cha nyumbani. Si ulituambia mti wa mjane hauzai? Basi mimi mjane nimewalisha hawa wote. Wewe kula maua."

Kicheko kilianzia kwa Kathini kikazunguka. Akina mama waliegemeana. Mmoja alimwaga chai. Alikuwepo aliyecheka mwaka uliopita, bila shaka, na siku hiyo pia alicheka, watu wa kucheka huwa hawachagui upande. Nduku alimwangalia Mbithe usoni, akausubiri ule uso ukose pa kwenda, na ulikosa. Ulitazama sahani, ukatazama majembe, ukatazama chini.

Kisha Mbithe akaifunika sahani yake taratibu. Akasimama, akachukua jembe na zile sahani mbili.

"Asante," akasema. "Sahani nitarudisha."

Jioni hiyo Nduku alisikia panga. Mpapai si mti wa kutolea jasho, ni laini na ndani una uwazi, mapigo mawili matatu umelala. Mbithe alikata mwenyewe, amefunga leso kiunoni, mti baada ya mti, hata ile miwili ya mwisho iliyokuwa na vitunda. Nduku alitoa kigoda nje, akakaa na kikombe cha chai yenye sukari nyingi, akasikiliza kila mti ukianguka. Hakuona aibu. Ilikuwa jioni tamu kuliko zote tangu azike.

Mvua ikaja, ikawa nzuri. Matunda ya chini yakaendelea kuiva, na kila siku ya soko gunia lilikwenda Emali kwa Barwaqo. Juu, miti ikatoa maua mapya. Nduku aliyaona yamefunguka, manene, mazuri, na baada ya siku chache akayakuta chini, yamekuwa ya njano. Akadhani ni mvua kali. Maua mengine yakatoka, nayo yakaanguka. Akaongeza mbolea. Akaongeza majivu. Jua liliporudi akashuka mtoni kama zamani na mtungi, akainywesha miti mikubwa maji matamu kwa kikombe, kana kwamba ni miche ya pakiti. Maua yakaendelea kuanguka. Kufikia Februari kila mti ulikuwa na matunda machache ya mwisho chini, na juu yake shingo ndefu tupu, iliyojaa makovu ya maua yaliyokataa.

Aliokota ua moja akalipasua kwa kucha. Kile kijipapai cha ndani kilikuwa kimekauka kikiwa bado hakijaanza. Na hapo, akiwa amesimama katikati ya shamba lake, ndipo alipomkumbuka mama yake kule Nuu, na mpapai dume mmoja mrefu uliosimama karibu na choo. Baba alitaka kuukata kila mwaka. Mama alimkatalia kila mwaka. "Ukikata huyo," alisema, "hawa wengine watafunga duka." Nduku alikuwa mtoto, alidhani mama anapenda kivuli.

Aliufuata ua wa minyaa, akachungulia. Visiki vya Mbithe vilikuwa vimesimama kwa mistari, na katikati yake ndengu zilikuwa zimeota kijani kibichi. Mvua ilikuwa imevichipusha vile visiki. Kila kisiki kilikuwa na alama ya chipukizi, na kila chipukizi lilikuwa limekatwa, mkato safi, wa majuzi. Mtu alikuwa anapita akiyakata yanavyotoka.

Mbithe alikuja baada ya siku chache, mchana, na sahani mbili zimefunikana. Alibisha hodi mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Siku zote alikuwa akiita kutoka uani. Huku kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, na Nduku alijua hivyo alipoipokea. Ilikuwa nyepesi. Akafunua.

Yalikuwa maua yake mwenyewe, ya njano, makavu, yale yaliyopeperuka na kuangukia upande wa pili wa minyaa.

"Hicho ni cha shamba lako, Mama Mutindi," Mbithe akasema. "Nisikunyime chakula cha nyumbani."

Nduku aliishika ile sahani kwa mikono yote miwili. "Ulijua," akasema.

"Nilijua. Mtu amelelewa na mama yake anajua jike haifungi bila dume. Hata wewe ulijua. Ulikuwa tu na kazi mingi ya kunichukia, ukasahau." Mbithe hakupandisha sauti. "Aprili, Nzomo alitaka kukata yote tupande ndengu. Mimi nikakataa. Tumegombana na yeye tangu Aprili mpaka Oktoba juu ya miti haina faida. Kila akinoa panga nilimwambia, ngoja kwanza, ya Mama Mutindi ndio inaanza kufunga."

"Na misumari?"

"Misumari alipiga Nzomo. Mimi ndio niling'oa."

Kuku wa Nduku walipita katikati yao wakidonoa. Hakuna aliyewafukuza.

"Yale maneno nilikuambia nasari," Mbithe akaendelea, "nikifika nyumbani yalinikataa tumboni. Lakini mimi sorry sijui kusema, hata kwa mama yangu sikuwahi. Nikasema, wacha haya madume yasimame tu, watu wanicheke, apate matunda. Nilifikiri unaona. Nilifikiri unajua ni ya nini." Akaikazia macho ile sahani. "Siku ile umefunika hii sahani, mimi nilidhani unanipa paipai. Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeanza hata kuongea."

Nduku alikumbuka. Mimi na wewe. Alikuwa ameyasikia maneno hayo kwa masikio yake, akangoja tu yapite ili Mbithe afunue sahani.

Kumchukia Mbithe kulikuwa kazi rahisi, ameifanya miaka yote. Sasa aliitafuta ile chuki mahali ilipokaa siku zote, na aliipata, ilikuwa pale pale, lakini ilikuwa imegeuka inamtazama yeye. Aliona aibu, na aibu ilimkasirisha, na hasira haikuwa na mtu wa kumwendea.

"Acha basi chipukizi moja," akasema. "Moja tu, Mama Kyule. Hapo karibu na ua."

Mbithe alimwangalia muda mrefu, kama alivyoyaangalia yale mapapai siku ya mwethya.

"Nimepanda ndengu," akasema. Akafunga leso yake vizuri, akaenda.

Barwaqo alipotuma mtu, Nduku alimpa matunda ya mwisho na kumwambia hakuna mengine. Tunda moja alilibakiza. Alilipasua, akatoa mbegu, akazisugua kwenye majivu mpaka ule utelezi ukatoka, akaziotesha kwenye pakiti za unga nyuma ya jiko. Safari hii hakutaka jike hata kidogo. Alitaka lile lijeuri, linalokimbia kitaluni likiwaacha wenzake, lile ambalo mwaka juzi angeliangalia kwa jicho baya. Alitaka dume moja.

Hakuna lililokimbia. Mbegu zilichelewa kuota, na zilipoota zilikaa na majani mawili, zimejikunyata, zote sawa, hakuna hata moja ya kujidai. Akarudi kwenye kazi yake ya zamani. Maji ya mchangani, kwa mgongo. Mbolea iliyopoa. Kivuli cha nyasi, kidogo leo, kidogo zaidi kesho. Majivu, miiba. Alipiga magoti mbele ya pakiti akageuza udongo kwa kijiti.

"Kua," akaiambia miche, kama alivyozoea. Akangoja lile neno la pili lije, lile lililokuwa likimwamsha asubuhi. Halikuja. "Kua, tafadhali," akasema. "Kua, baba."

Upande wa pili wa minyaa jembe lilisimama. Mbithe alikuwa anapalilia ndengu zake, na alikuwa amesikia. Kikaanza kicheko, taratibu, puani kwanza, kisha kikafunguka, kikapanda, akacheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa akacheka tena. Halafu kichwa chake kikatokea juu ya ua, na macho yalikuwa yamelowa.

"Mama Mutindi," akauliza, "hiyo ni paipai ama ni mchicha?"

Jibu Nduku alikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ulimi, pale pale lilipokuwa mwaka ule mwingine, na lilikuwa tamu bado. Akalimeza. Akavuta mtungi karibu na kuendelea kumwagilia.